Urafiki wa Wanawake Si Dhamana ya Mkopo

Sina ugomvi na mikopo ya wanawake. Ugomvi wangu ni na dhamana yake. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, nayo ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa 2023. Hilo ni jema. Lakini mwanamke hukopeshwa kupitia kikundi, na kikundi ndicho kinachodaiwa.

Mchukulieni mkulima wa Chanzuru, katika Wilaya ya Kilosa inayoyajua vyema mafuriko. Maji yakisomba shamba lake, wa kwanza kubisha hodi atakuwa rafiki yake. Aliyepaswa kuuliza, “Watoto wamekula?” anauliza, “Utalipa lini?” Je, na fedha zikiwa zimechukuliwa na mume? Atamweleza nani, ikiwa msiri wake ndiye mdai wake?

Hapo ndipo penye hasara isiyoandikwa katika daftari lolote. Aristotle alisifu urafiki wa wema, ila aliwafikiria wanaume huru. Mwanafalsafa Marilyn Friedman, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alitukumbusha jambo lililosahauliwa: ukoo tunazaliwa ndani yake, rafiki tunamchagua, kwa hiyo kwa rafiki mwanamke hupata nguvu ya kuzihoji desturi zinazomwonea. Kwake hugundua kwamba dhiki yake si aibu yake peke yake. Ukimgeuza rafiki kuwa mgambo, umeifunga shule hiyo.

Nitajibiwa kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Naam, lakini methali inamsifu anayetoa kwa hiari. Msaada wa kulazimishwa ni kodi. Tena, kampuni yenye dhima ya ukomo ikifilisika, marafiki wa wanahisa hawadaiwi. Kwa nini maskini ndiye aweke rehani watu anaowapenda?

Ndugu watumishi wa halmashauri, mkataba useme waziwazi kwamba mafuriko na ukame husimamisha marejesho. Kila mwanachama awe na deni lake na hesabu yake. Ufuatiliaji ufanywe na ofisa anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kikundi kibaki mahali pa kushauriana. Serikali inayotaka wanawake wainuke haiwezi kuwanyang’anya kwanza wale wanaowashika mkono.