Msipime Mvi, Pimeni Macho

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Baraza la Taifa la Usalama Barabarani.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kibamba, wilaya ya Ubungo. Nina miaka 67 na ninaendesha pikipiki tangu 1982. Mwaka huo nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya mifugo Mpwapwa, nikakabidhiwa Yamaha AG100 ya serikali kule Kilosa, ile yenye kerija mbele na nyuma, nikawa nazunguka nayo kwenye maboma ya Waparakuyo kuchanja ng'ombe. Masika nilivuka nayo mito nikiisukuma, maji yakiwa kiunoni. Sasa ni mstaafu. Pikipiki ni yangu mwenyewe, na kazi sijaiacha, ila ng'ombe wamekuwa kuku.

Huku kwetu mstaafu akipata kiinua mgongo hujenga banda la kuku kabla nyumba haijapigwa lipu. Kuku wa kienyeji adui yake mkubwa ni kideri, na kinga yake iko karibu: chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapo Kibaha. Unamshika kuku, unamlaza kichwa, unadondosha tone moja jichoni, unasubiri apepese, basi. Baada ya miezi mitatu unarudia. Ndiyo maana watu wa Hondogo, Kibwegere na Kwembe wananiita dokta, na ndiyo maana nahitaji pikipiki. Nikisema nipande bodaboda kwenda na kurudi, malipo ya kuchanja kuku ishirini yote yanaishia kwenye nauli, na mama mwenye kuku wanane sitamfikia kabisa.

Waheshimiwa, kuku ndio walionifichulia ugonjwa wangu. Siku moja nilikuwa kwa jirani, nimemshika jogoo, nikadondosha tone, likaangukia kwenye manyoya ya shingo. Nikarudia, likaangukia mgongoni. Mwenye kuku akanitazama, akasema kwa upole, "Dokta, umechoka, kaa kwanza unywe maji." Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naona majogoo wawili.

Nilikuwa nimeshapata onyo kabla ya hapo, sikulisikia. Barabara ya Morogoro mnaijua. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa hadi njia nane, na kinapitisha malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, pamoja na mabasi ya mikoani yanayotoka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Usiku taa za lori zilianza kunijia zikiwa zimetanuka, kila taa na duara lake la ukungu, mpaka nikawa sioni ukingo wa lami uko wapi. Nikalaumu madereva wanaowasha taa kali. Nikalaumu kioo cha kofia, nikakisugua na dawa ya meno. Kisha jioni moja, pale Kibamba CCM, akatokea mtoto wa shule amebeba dumu la maji la njano. Nililiona dumu. Mtoto sikumwona. Nilikamata breki zote mbili, pikipiki ikalala upande, mguu ukawa chini yake. Mtoto akasimama ananiangalia, dumu liko mkononi bado, halijamwagika hata tone. Yule mtoto angekuwa amebeba kitu cheusi, barua hii ningekuwa naiandika kutoka mahali pengine.

Nilikwenda hospitali. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walianza la kulia, baadaye la kushoto, wakaniwekea lenzi. Bandeji ya kwanza ilipotolewa nilishangaa kwamba ukuta wa wodi ni mweupe, maana mimi nilikuwa nimeuzoea kama wa rangi ya chai ya maziwa.

Sasa nieleze kwa nini haya ni mambo ya Baraza, si ya hospitali peke yake.

Leseni yangu ya mwisho kabla ya upasuaji niliihuisha 2020, nikiwa na miaka 62. Nilipigwa picha, nikaweka alama za vidole, nikalipa shilingi 70,000, nikapewa kadi ya miaka mitano. Hakuna aliyeniuliza kama naona. Katika miaka hiyo mitano mtoto wa jicho alizaliwa, akakua, akanifikisha kwa yule mtoto wa dumu, na kadi ikiwa halali mfukoni muda wote. Ilipoisha nikarudi kuhuisha, macho yakiwa mapya. Safari hii kijana wa dirishani aliangalia tarehe ya kuzaliwa, akaangalia kichwa changu, akasema, "Mzee wangu, pikipiki ya nini tena? Si upumzike tu, wajukuu wakuendeshe?" Alisema kwa adabu na shikamoo alinipa. Ofisi siitaji, kwa sababu angeweza kuwa kijana wa ofisi yoyote. Lakini pimeni wenyewe: nilipokuwa nusu kipofu nilipita bila swali, na nilipoanza kuona vizuri nikaambiwa nimezeeka. Mara zote mbili hakuna aliyepima jicho.

Sitaki kujidanganya kuhusu uzee, wala kuwadanganya ninyi. Shingo yangu haigeuki kama zamani, kwa hiyo nimefunga vioo vipana vya pembeni na nikitaka kukata kona nasimama kabisa. Goti la kushoto linagoma kupiga kiki asubuhi za baridi, natumia stata. Mkono unachelewa kidogo kufika kwenye breki, kwa hiyo naiacha nafasi mbele yangu, hata bajaji zikinichomekea. Ujuzi upo pia: najua mchanga wa kiangazi unavyovuta tairi la mbele, najua lori lililopakia haliwezi kusimama kwa sababu mimi nimesimama. Yote mawili ni kweli, na tarehe ya kuzaliwa haiwezi kuwaambia lipi limezidi lipi. Wapo wenzangu wa miaka 60 ambao ningewasihi waziuze pikipiki zao leo. Yupo mmoja wa miaka 74 ambaye ningempakia mjukuu wangu nyuma yake bila wasiwasi.

Na msidhani tatizo ni la wazee tu. Baada ya upasuaji nilikwenda kijiweni, nikawaambia vijana wa bodaboda tucheze mchezo. Nilihesabu hatua ishirini kutoka kwenye pikipiki iliyoegeshwa, nikawataka wasome namba, jicho moja moja, lingine limezibwa kwa kiganja. Uingereza kipimo chao cha msingi kinafanana na hicho, kusoma namba ya gari kwa umbali wa mita 20. Wengi walisoma huku wanacheka. Kijana mmoja, ambaye hajafika miaka thelathini, alisoma "MC" akanyamaza. Akabadilisha jicho, akasoma zote. Akarudi lile la kwanza, akabaki kimya. Wenzake wakaacha kucheka. Kumbe jicho la kushoto halioni vizuri, na kila siku anabeba wanafunzi na wajawazito kwa jicho moja, hajui, hajawahi kuulizwa.

Kofia ngumu mmetuvalisha, na mmefanya vyema. Shirika la Afya Duniani linasema kofia iliyovaliwa sawasawa inapunguza zaidi ya mara sita hatari ya kufa kwenye ajali. Mkono wa sheria umeshafika kichwani. Naomba ushuke kidogo ufike machoni.

Ninachoomba ni kwamba leseni yoyote isihuishwe bila cheti cha macho, ya kijana na ya mzee. Aliyevuka miaka 60, ambaye Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua kuwa mzee, apimwe kila baada ya miaka miwili badala ya kusubiri mitano. Japani mtu akifika miaka 70 huhudhuria darasa kabla ya kuhuisha leseni, na kuanzia 75 hupimwa kumbukumbu pia. Hawamfukuzi barabarani kwa umri tu, wanamwangalia. Kipimo chetu kifanyike zahanati ya kata, kwa ubao wa herufi na muuguzi mmoja, kisiwe sababu ya kumpandisha mzee daladala tatu hadi mjini.

Pia mfikirie leseni ya mchana. Wapo wanaoona vizuri juani lakini usiku taa huwapiga upofu, kama nilivyokuwa mimi. Mtu wa namna hiyo ukimnyang'anya kadi yote, ataendesha bila kadi, na ataendesha usiku vilevile kwa kukwepa trafiki. Mwandikieni kwenye leseni yake: mwisho saa kumi na mbili jioni. Wengi watashukuru.

Na Wiki ya Nenda kwa Usalama itakapokuja, pamoja na stika leteni ubao wa herufi hapa Kibamba. Kivuli tutatafuta sisi, viti pia. Yule kijana wa jicho la kushoto nimemwahidi kwamba nitamsindikiza mwenyewe hospitali wiki ijayo, maana peke yake anaogopa kuambiwa aache kazi, na sina jibu la kumpa akiniuliza ataambiwa nini.

Binti yangu alikuwa amenificha ufunguo kipindi cha ugonjwa. Sasa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na tumekubaliana kwamba magharibi ikiadhiniwa uwe umesharudi pale. Kesho asubuhi nauchukua. Nina kuku arobaini wa kuchanja Kibwegere.

Nawasilisha.

Bwana mifugo mstaafu,
Kibamba, Dar es Salaam.