Mazungumzo ya Nyumbani: Mlima Uporomokapo

Mvua zetu za Ruvuma huanza Novemba au Desemba, zikaendelea hata Aprili. Wengi wenu hapa Songea mna wazazi na wakwe huko Umatengo, ambako nyumba nyingi zimejengwa ubavuni mwa milima. Kwa hiyo yafaa tuzungumze habari ya ardhi iporomokayo.

Watu wa milima ya Uswisi huogopa theluji: ikilundikana juu ya mteremko mkali huteleza ghafula, ikafukia nyumba na wasafiri. Kwetu hakuna theluji, bali udongo ulioshiba maji hufanya kazi ile ile. Maji huuongezea uzito juu na kuulegeza chini, hata ukaachana na mwamba.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili alfajiri, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang, vikaingia Gendabi na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Angalieni: Katesh hauko juu ya mlima, bali chini yake. Wengi hudhani aliye hatarini ni yule aliyejenga juu; kumbe tope hufuata makorongo, likawafikia hata walio tambarare. Vivyo hivyo huko Uganda, tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi katika Bududa, ubavuni mwa mlima Elgon, kilifukiwa.

Labda Mmatengo atanijibu, “Sisi tuna ngoro.” Kweli, nami nawasifu. Tangu enzi za babu zao wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, mashimo yakabaki kupokea maji ya mvua. Ni elimu kubwa, kupita ile ya wengi waliokwenda kuwafundisha kilimo. Lakini ngoro hulinda udongo wa juu usichukuliwe na maji. Mlima ukikatika kwa chini sana, ngoro hushuka pamoja nao.

Basi, mlima huwa na dalili zake. Ufa mpya ukionekana shambani juu ya nyumba, hasa uliopinda kama mundu, si jambo la kuziba kwa jembe na kusahau. Miti iliyosimama wima ikianza kuinama, mlango uliofungika vizuri ukianza kukwama, chemchemi ikitoka mahali pasipokuwa na maji, hizo nazo ni dalili. Na mto ukipungua ghafula huku mvua ikinyesha, ogopeni kuliko ukijaa: huenda udongo umeuziba huko juu, na kizuizi kile kitapasuka.

Mkisikia ngurumo isiyo ya radi, msikimbie kufuata bonde. Kimbilieni kando, mpande mgongo wa kilima. Mwacheni mbuzi, acheni sanduku. Wala kesho yake msirudi upesi kufukua vyombo, kwa maana mara nyingi sehemu iliyobaki hufuata.

Shida kubwa ni wazee. Baba mkwe atasema makaburi ya wazazi wake yapo pale, hahami. Msishindane naye. Mwombeni tu, usiku wa mvua kubwa, aje alale kwa jirani aliye mgongoni mwa kilima, na mjukuu mmoja amchukulie mkeka na blanketi kabla giza halijaingia.