Ukishuka Puerto Montt, Siku Yako Mkabidhi Mwenyeji

MGUU NJIANI
Na Zainabu Mtengeti

Kati ya maamuzi yote ya abiria wa meli ya kitalii, zito kuliko yote ni hili: akishuka bandarini, siku yake anaikabidhi kwa nani? Chumba kimeshalipiwa, chakula kipo, muziki upo usiku kucha. Nchi yenyewe, ile iliyomfanya afunge safari, anaipata kwa saa saba au nane tu. Akizikabidhi saa hizo kwa mtu asiyeijua nchi, au anayeijua lakini hana ruhusa ya kutoka nje ya ratiba, atapanda tena melini akiwa na picha nyingi na habari kidogo.

Nasema haya nikiifikiria Puerto Montt, kusini mwa Chile. Meli zinazozunguka ncha ya Amerika ya Kusini, kati ya pwani ya Pasifiki ya Chile na Buenos Aires, hupita hapo katika majira ya joto ya huko, ambayo kwetu ni miezi ya vuli na kiangazi cha mwanzo wa mwaka. Meli kubwa hutia nanga nje, katika Ghuba ya Reloncaví, na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1853 na ukapewa jina la Rais Manuel Montt. Ni mji wa kazi, wa samaki na malori. Wageni wengi hawaji kwa ajili yake. Wanakuja kwa ajili ya Ziwa Llanquihue, mwendo wa kilomita 20 hivi kuelekea kaskazini, na miji midogo iliyopangana ukingoni mwake: Puerto Varas, Llanquihue, Frutillar, Puerto Octay.

Dada yangu, muuguzi anayeishi Toronto, ndiye aliyenialika katika safari iliyonifikisha huko, na alitaka tupande basi la meli. Hoja yake ilikuwa na uzito. Basi lililoandaliwa na meli likichelewa, meli hulisubiri. Gari mliloagiza wenyewe likichelewa, meli inang'oa nanga na ninyi mtajua la kufanya. Tena waliokata tiketi za basi ndio hutangulia kwenye boti asubuhi. "Mdogo wangu, hapa si Kariakoo," aliniambia, "tukiachwa tumeachwa."

Sikubishana naye kuhusu hatari hiyo, kwa sababu ipo. Nilichomwambia ni kwamba dawa yake ni saa ya mkononi. Ukikubaliana na mwongoza watalii tangu mwanzo kwamba mtakuwa mmerudi gatini mapema, muda wa kutosha kabla ya boti ya mwisho, na ukaweka saa yako sawa na ya meli, hofu hiyo inapungua sana. Kuhusu gharama, basi hulipiwa kwa kichwa, gari hulipiwa kwa gari. Wawili mtaona ni ghali. Wanne mkichangiana, tofauti inakuwa ndogo, na mara nyingine mnalipa pungufu. Tulichangiana na wanandoa wawili tuliokuwa tukila nao meza moja.

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa huko, aliyesajiliwa katika orodha ya Sernatur, idara ya utalii ya serikali ya Chile. Alikuwa ndiye dereva pia. Kabla hajawasha gari alituuliza swali ambalo hakuna basi la watu arobaini linaloweza kuuliza: mnataka kuona nini, na mnaweza kuacha nini?

Swali hilo lina maana kubwa katika eneo lile, kwa sababu mvua na mawingu ni jambo la kila siku. Fahari ya Llanquihue ni volkano Osorno, yenye kimo cha mita 2,652, nyeupe kwa theluji juu ya maji. Kwa pembeni iko Calbuco, iliyolipuka Aprili 2015 baada ya kunyamaza zaidi ya miaka 40, majivu yake yakaelemea mapaa ya nyumba za Ensenada. Siku mawingu yakishuka hadi chini, zote mbili hazionekani. Basi litakwenda mlimani hivyo hivyo, maana ndivyo ratiba ilivyoandikwa. Mama yule alitazama juu, akampigia mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa ziwa, akatuambia mlima hautafunguka kabla ya adhuhuri. Tukauacha. Tukaacha na maporomoko ya Petrohué, ambayo ni mazuri kweli lakini yanakula nusu ya siku kwa barabara ya kwenda na kurudi. Tukachukua miji.

Puerto Varas, iliyoanzishwa 1854, imekaa juu ya kilima kinachoteremkia ziwani. Kanisa lake la Moyo Mtakatifu wa Yesu lilijengwa kati ya 1915 na 1918 kwa mfano wa kanisa moja la Msitu Mweusi, Ujerumani, na kuta zake zimevikwa mabati. Lakini kitu kilichonishika zaidi kilikuwa nyumba za kawaida za mitaani, zilizofunikwa kuta nzima kwa vigae vya mbao vya mti uitwao alerce. Mama alituombea ruhusa kwa mwenye nyumba mmoja tusogee karibu. Nilipitisha kiganja juu ya vigae vile. Vimekuwa vya kijivu kwa mvua ya miaka mingi, mistari ya mti bado inasikika chini ya kidole, na sikuona kigae hata kimoja kilichooza.

Alerce hukua polepole mno. Watafiti waliohesabu pete za mti mmoja walipata zaidi ya miaka 3,600, na matokeo yao yalichapishwa 1993. Tangu 1976 Chile imeutangaza kuwa urithi wa asili, na ni marufuku kuukata ukiwa hai. Hapo ndipo mama alipotusogeza kwenye habari yenyewe. Njiani kuelekea Frutillar alisimamisha gari kando ya malisho mapana, ng'ombe wa maziwa wametapakaa hadi upeo wa macho, akasema: pote hapa palikuwa msitu.

Habari hiyo imeandikwa, tena na mhusika mwenyewe. Chile ilipitisha sheria ya kuwakaribisha walowezi mwaka 1845. Wakala wa serikali aliyepewa kazi ya kuwagawia ardhi, Vicente Pérez Rosales, alikuta ziwa limezingirwa na msitu usiopenyeka. Alimlipa mwenyeji mmoja, Pichi Juan, autie moto. Katika kumbukumbu zake Pérez Rosales anaeleza kwamba moto ule uliwaka takribani miezi mitatu. Juu ya majivu hayo yakapimwa mashamba, na kuanzia 1852 familia za Kijerumani zikaanza kushuka ukingoni mwa ziwa. Msitu ule haukuwa ardhi isiyo na watu. Ni nchi ya Wahuilliche, tawi la kusini la Wamapuche. Na hifadhi ya taifa iliyo kongwe kuliko zote za Chile, iliyoanzishwa 1926 upande wa mashariki wa ziwa, inaitwa kwa jina la Vicente Pérez Rosales.

Mimi nimesoma historia yangu Tanzania. Siwezi kutajiwa Wajerumani wa karne ile nisikumbuke boma, kodi, na vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambapo majeshi yao yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ilinibidi nijizuie nisichanganye mambo. Wale wa Llanquihue hawakuja kutawala kwa niaba ya Ujerumani. Walikuwa wakulima na mafundi walioalikwa na serikali ya Chile, na wengi walianza katika matope na upweke, bila barabara, wakitegemea mashua kutoka mji hadi mji. Taabu yao ilikuwa ya kweli. Kilichotendwa kabla yao ili wapate pa kukaa nacho ni cha kweli. Mama yule alivishika vyote viwili kwa pamoja bila kutetea wala kulaani, na sijui ni mahali gani pengine ningelifundishwa somo hilo vizuri kiasi kile.

Frutillar ni mji ambao mtu angeweza kuutembea dakika kumi na tano na kuuona wote, kumbe umebeba mengi. Umeanzishwa 1856. Tangu 1968 hufanya wiki za muziki kila mwaka katika majira ya joto, mwaka 2010 ukafungua Teatro del Lago, ukumbi mkubwa wa tamasha uliojengwa juu ya maji yenyewe, na mwaka 2017 UNESCO ikauingiza katika miji yake bunifu kwa upande wa muziki. Mji mdogo kuwa na ukumbi wa namna ile ni jambo la kuigwa, na ninawaombea wenzetu wa Bagamoyo wapate siku moja jengo linalolingana na kipaji chao. Makumbusho ya Kijerumani yana kinu cha maji, nyumba ya mhunzi na ghala la duara. Yametunzwa vizuri, ingawa hadithi inayoongoza humo ni ya mlowezi, na mgeni aliyeingia bila mwenyeji wa kumweleza atatoka akidhani mambo yalianzia hapo. Kando ya ziwa mkahawa baada ya mkahawa huuza kuchen, keki ya matunda ya msimu. Kuleni ya murta, kijitunda chekundu cha misitu ya huko, ambacho hamtakipata kwetu.

Wingu lilifunguka alasiri, Osorno ikaonekana nusu, kuanzia mabegani kwenda chini. Ilitosha.

Kabla ya gati tulipita Angelmó, soko la samaki la Puerto Montt. Maji yakipwa, mashua hulala matopeni chini kabisa ya migahawa. Chakula cha sifa hapo ni curanto, mchanganyiko wa kome na chaza na viazi, lakini ndani yake hutiwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kwa hiyo Mwislamu na aulize kwanza, au aagize samaki wa kukaanga, wapo na ni wabichi. Mama alinivuta hadi kwa muuza viazi. Vilikuwa vidogo, vyenye makunyanzi, vingine vya zambarau hadi ndani. Alinieleza kwamba Monte Verde, si mbali na hapo, wanaakiolojia walichimbua makazi ya watu ya miaka kama 14,500 iliyopita, na katika mabaki waliyoyakuta kulikuwamo viazi vya mwituni. Sehemu kubwa ya viazi mviringo vinavyolimwa duniani leo ina nasaba na viazi vya kusini mwa Chile. Chipsi za Dar es Salaam, viazi vya Mbeya na vya Nyandarua, vina ukoo wa mbali katika kisiwa cha Chiloé kilicho ng'ambo ya bahari ile. Waliokwenda kwa basi siku ile hawakupelekwa kwa muuza viazi.

Sasa nirudi kwetu, maana meli hizi zinatia nanga Mombasa na Zanzibar pia, na tuna vijana wengi wanaoishi kwa kuwatembeza wageni wa siku moja. Mkunazini, huko Zanzibar, tunafanya vizuri. Kanisa la Anglikana lilijengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na waongozaji wetu huieleza habari hiyo wazi. Lakini mgeni yuleyule akipelekwa shamba la viungo, mara nyingi mambo huishia kwenye kunusa mdalasini, kuvishwa taji la makuti na kumtazama kijana akipanda mnazi huku akiimba. Karafuu iliyoipa Zanzibar utajiri wake ililimwa kwa jasho la watumwa, na utumwa ulipigwa marufuku kisheria visiwani mwaka 1897 tu. Kwa nini habari hiyo ibaki Mkunazini isifike shambani? Mgeni aliyelipa gari zima na mwongozaji wake peke yake hajaja kuchekeshwa. Anaweza kuusikia ukweli, na akiusikia kutoka kwa mwenyeji anaukumbuka.

Wanaotoa leseni za kuongoza watalii, Bara, Visiwani na Kenya, wawapime waombaji kwa historia ya mahali na wasiishie kwenye lugha za kigeni. Nanyi mtakaojaaliwa kufika Llanquihue, tafuteni mwongozaji aliyesajiliwa, mwambieni mapema kwamba mnataka miji miwili na si mitano, mwacheni asome mawingu, kisha mwulizeni habari za ule moto. Asipozijua, tafuteni mwingine.