Tamko kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa: Majibu ya wodini, bandani na mtoni yakutane wilayani

Sisi wanachama wa chama kinachowaunganisha wafamasia, madaktari wa binadamu, madaktari wa mifugo, wauguzi, wataalamu wa maabara na maofisa afya na mazingira nchini Tanzania, tunatoa tamko hili katika Wiki ya Dunia ya Uhamasishaji kuhusu Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa, inayoadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba. Tunalitoa kwa Serikali, kwa halmashauri, kwa wenye maduka ya dawa, kwa wafugaji na kwa wananchi wote. Tunajielekezea na sisi wenyewe, kwa kuwa sehemu ya kosa hili ni yetu.

Mtanzania aliyevuka miaka thelathini na mitano hahitaji kufundishwa usugu ni nini. Anaikumbuka klorokwini, uchungu wake ulimini na muwasho uliomfanya mtu akeshe akijikuna. Ilikuwa dawa ya kila nyumba. Mwaka 2001 nchi iliiacha kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, ikaingia dawa ya SP. Nayo SP haikukaa. Kufikia mwaka 2006 tulikuwa tumeshahamia dawa mseto. Sasa watafiti wamekuta mkoani Kagera vimelea vya malaria vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayopunguza nguvu ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto hizo, mabadiliko ya aina iliyokwisha kuonekana kwa jirani zetu Rwanda na Uganda. Klorokwini ilipochoka ilikuwa na mrithi. Kwa bakteria wanaoua watoto wachanga hospitalini, mrithi mara nyingi hayupo, au yupo kwa bei ambayo mzazi wa kawaida hawezi kuifikia hata akiuza shamba.

Duniani, mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria yaliyogoma kusikia dawa, na vifo vingine vingi vilihusishwa na usugu huo hadi kufikia jumla ya milioni 4.95. Eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu lilikuwa Afrika Magharibi. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mazito. Miongoni mwa waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa wenye malaria, ilikuwa asilimia 20.2. Tuliokulia katika nchi inayoiogopa malaria kuliko ugonjwa wowote tunaomba takwimu hizo mbili zisomwe taratibu. Watafiti walionyesha pia kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake walishaizoea alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa.

Wenzetu wa maabara wanauona usugu kwa macho. Sampuli ya damu au mkojo ikioteshwa, bakteria hutanda juu ya sahani kama ukungu mwembamba. Juu yake huwekwa vikaratasi vya mviringo, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa ikiwa bado ina nguvu, kesho yake unakuta kikaratasi kimezungukwa na duara safi ambalo ndani yake hakikuota kitu. Siku hizi wenzetu wanatuonyesha sahani ambazo ampisilini haina duara, kotrimoksazoli haina duara, na hata seftriaksoni, sindano ambayo wengi wetu tunaikimbilia mgonjwa anapozidiwa, bakteria wameota hadi kuugusa ukingo wa karatasi yake.

Muuguzi mmoja, mwanachama wetu, alitusimulia habari za mtoto wa siku sita aliyeanzishiwa dawa za kawaida za maambukizi ya damu. Damu ilichukuliwa, lakini vifaa vya kuoteshea vilikuwa vimekwisha, ikabidi sampuli isafirishwe kwenda hospitali nyingine. Majibu yalirudi siku ya tano. Mtoto alikuwa amezikwa siku ya tatu. Karatasi ya majibu ilionyesha kwamba dawa zote mbili alizokuwa akichomwa hazikuwa na kazi kwa bakteria yule. Mama yake hakuwahi kuambiwa, kwa sababu hakukuwa na utaratibu wa kumwambia, wala muuguzi hakujua aanzie wapi.

Twende sasa bandani. Mfugaji wa kuku wa nyama pembezoni mwa Dar es Salaam anaingiza vifaranga mia tatu, wengi wao kwa fedha za kukopa. Siku za mwanzo anawatilia unga wa antibiotiki kwenye maji ya kunywa ili wasianze kufa. Kipimo ni kijiko cha chai, au kifuniko cha chupa ya soda. Wiki ya tatu kuku wakikoroma, unga unarudi. Wakianza kuanguka kwa kideri, unga unaongezwa, ingawa kideri kinaletwa na kirusi na hakuna antibiotiki inayokigusa. Kinga yake ni chanjo, tena ipo ya matone ya jicho inayotengenezwa hapa hapa nchini. Mnunuzi akitokea na fedha mkononi, kuku wanaingia kwenye tenga leo ilhali jana walikunywa dawa. Muda wa kusubiri kabla ya kuchinja umeandikwa kwenye pakiti kwa herufi za kutafutia miwani na kwa lugha ambayo mfugaji haisomi. Samadi inajazwa kwenye viroba na kupelekwa kwenye bustani za mchicha bondeni. Masika ikija, kilichobaki kinasombwa na maji.

Hatumlaumu mfugaji huyo. Afisa mifugo wake anahudumia kata nzima, pengine zaidi ya moja, na mara nyingi hana hata pikipiki. Muuza dawa za mifugo ndiye anayempigia simu akajibiwa. Aliyekopa kununua vifaranga hatasubiri majibu ya maabara huku kuku wanakufa.

Tunataja kolistini peke yake kwa sababu inatutia hofu. Kwa binadamu ni miongoni mwa dawa za mwisho, inayotolewa pale nyingine zote zimeshindwa. Katika nchi nyingi imekuwa ikitumika kwa kuku na nguruwe. Novemba 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamepata kwenye mifugo na kwa wagonjwa kinasaba cha kuishinda kolistini, chenye uwezo wa kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. China ikapiga marufuku kuitumia kama kichocheo cha ukuaji kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017. Tunaomba dawa hii iondolewe kabisa kwenye ufugaji wa kuku nchini mwetu.

Sasa tuseme jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Tanzania haina upungufu wa mipango. Tulikuwa na Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa mwaka 2017 hadi 2022, na sasa tunao wa pili, wa 2023 hadi 2028. Chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu lipo dawati la uratibu wa Afya Moja, yaani afya ya binadamu, wanyama na mazingira kushughulikiwa kama kitu kimoja. Tunawapongeza walioyajenga hayo, na baadhi yao ni wanachama wetu. Lakini nenda kwenye halmashauri yoyote. Utamkuta Mganga Mkuu wa Wilaya kwenye jengo moja. Utamkuta afisa mifugo kwenye jengo la pili, labda ng'ambo ya mwembe. Mfamasia wa wilaya yupo, afisa afya yupo, mtu wa mamlaka ya maji yuko mjini hapo hapo. Wanasalimiana asubuhi, wanazikana, wanachangiana harusi. Taarifa zao za kazi, hata hivyo, hazionani. Ya hospitali inapanda kwenda wizara yake, ya mifugo inapanda kwenda yake, ya maji inapanda kwenda yake, na kama zitakutana, zitakutana Dodoma, miezi mingi baadaye, kwenye mkutano wa watu ambao hawalijui banda wala kisima kinachozungumzwa.

Ndiyo maana hospitali ya wilaya inaweza kuhangaika mwaka mzima na maambukizi ya njia ya mkojo yasiyosikia antibiotiki ya sipro, huku daktari wa mifugo wa wilaya hiyo hiyo akijua kwamba wafugaji wake wote wanatumia dawa za jamii hiyo kwenye kuku. Hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakujua kwamba jibu lake linahitajika.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Denmark ilianza mwaka 1995 kukusanya mahali pamoja taarifa za matumizi ya antibiotiki na za usugu kutoka kwa wagonjwa, kwa mifugo na kwenye vyakula, na kuzichapisha kila mwaka. Katika miaka hiyo hiyo walipunguza faida ambayo daktari wa mifugo aliweza kuipata kwa kumuuzia mfugaji dawa aliyoiandika yeye mwenyewe. Utajiri wao hatuna, na hatudai maabara zao. Lakini kuwakalisha watu watano mezani kila baada ya miezi mitatu si jambo la utajiri.

Kwa hiyo tunaitaka kila halmashauri iunde kikao cha robo mwaka cha usugu wa dawa, kiwe na fungu lake kwenye bajeti, hata kama ni dogo, na kihudhuriwe na mganga mkuu, mfamasia, daktari wa mifugo, afisa afya na mazingira, na mhusika wa maji. Kila mmoja aje na karatasi moja: nini kimeota, dawa gani imeshindwa, dawa gani imeuzwa sana. Tunaiomba Ofisi ya Rais, TAMISEMI, itoe maelekezo rasmi, kwa kuwa bila barua kutoka juu wengi watahofia kuvuka mipaka ya idara zao.

Kikao hakitakuwa na la kusoma kama hakuna kinachooteshwa. Tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila hospitali ya rufaa ya mkoa ina vifaa vya kuoteshea vimelea mwaka mzima, si pale tu mradi wa wafadhili unapokuwa hai. Maabara za mifugo nazo zipewe hadhi hiyo hiyo. Mnamo Septemba 2024 viongozi wa dunia, kwenye Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, walikubaliana kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusishwa na usugu wa bakteria ifikapo mwaka 2030, na kuhakikisha angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu zinatoka kwenye kundi ambalo Shirika la Afya Duniani limelipanga kuwa chaguo la kwanza. Hatutajua kama tumefika bila kuhesabu.

Kwa wenye maduka ya dawa muhimu tunasema kwa heshima. Tangu mpango wa maduka hayo ulipoanza Ruvuma mwaka 2003, ninyi ndio mlioifikisha dawa salama vijijini ambako famasi haijafika. Tunaijua pia saa moja ya jioni dukani: mama ana shilingi elfu moja, mtoto mgongoni ana joto, na anaomba vidonge vinne vya rangi mbili. Kumkatalia ni kazi ngumu. Tunaomba msimkatie vidonge hivyo. Mpimeni mtoto malaria pale mnaporuhusiwa, mwelekezeni zahanati, na mkiona anahitaji dozi mpeni dozi kamili au msimpe. Tutasimama nanyi kudai kwamba dozi kamili ya mtoto iwe na bei ambayo mama huyo anaimudu, maana kumwambia amalize dozi asiyoweza kuinunua ni kumdhihaki.

Wauzaji na waingizaji wa dawa za mifugo tunawataka waweke maelezo kwa Kiswahili, yasomeke, na muda wa kusubiri uandikwe kwa tarakimu kubwa mbele ya pakiti. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba tunaiomba ilifanye hilo kuwa sharti la usajili.

Maji, vyoo, sabuni wodini na chanjo tunavitaja kwa kifupi, ingawa ni vikubwa kuliko yote tuliyokwisha kuyasema. Mtoto ambaye hakuharisha hakuhitaji antibiotiki.

Na sisi je? Kati yetu wapo walioandika seftriaksoni kwa mafua kwa sababu mgonjwa alisisitiza apewe sindano. Wapo walioishi kwa faida ya dawa walizoziandika wenyewe. Wapo waliopokea majibu ya maabara na kuyaweka kwenye faili bila kuyasoma. Kuanzia Januari, kila tawi la chama litachagua hospitali moja na banda moja la mafunzo wilayani kwake na kuanza kuandika, kila mwezi, antibiotiki zilizotumika na sababu ya kuzitumia. Taarifa hizo zitawekwa mezani kwenye halmashauri husika hata kabla kikao rasmi hakijaundwa, na nakala itabandikwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma. Wanachama wetu wa wodi za watoto watapewa mwongozo wa kumweleza mzazi, kwa Kiswahili na kwa upole, majibu ya kipimo cha mwanawe, hata yanapochelewa.

Limetolewa kwa niaba ya wanachama wote na Kamati Tendaji ya Chama.