Dakika 75 zako za jioni shuleni: Nani anazila hapa Donholm?

Kuna kitu wengi wenu mnaosoma shule za kutwa hapa Donholm hamjawahi kuambiwa. Kisheria, masomo ya darasani yanafaa kuisha saa tisa na nusu. Kutoka hapo hadi saa kumi na dakika 45 ni wakati wa shughuli za ziada: michezo, klabu, drama, muziki, chochote. Si mimi nimetunga. Ni Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015, na zinabana shule za umma na za kibinafsi.

Hizo ni dakika 75 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukipiga hesabu ni zaidi ya saa sita kwa wiki. Sasa jiulize, wiki jana ulipata ngapi?

Wengine watasema Ijumaa tu, nusu saa, na hiyo nusu saa ilikuwa ya kufagia darasa. Wengine watasema klabu zao ziko, lakini ziko kwenye ile karatasi ya kujiunga na shule. Pale kumeandikwa skauti, mdahalo, kuogelea, chesi, klabu ya kompyuta. Ukifika unakuta bwawa la kuogelea ni lile mnalopelekwa mara moja kwa muhula, kama mzazi amelipa.

Tunapenda kuongea kuhusu hii stori kama jambo la kujifurahisha tu. Eti watoto wanataka kucheza. Lakini tangu Januari mwaka huu wa 2026, hizo dakika 75 zimekuwa jambo zito zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, na kuingia huko kulihitaji uchague mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Huo wa tatu ndani yake kuna muziki na densi, uigizaji na filamu, sanaa za uchoraji, na michezo. Serikali ilikadiria karibu asilimia 15 ya wanafunzi wangeufuata.

Sasa niambie. Msichana wa miaka 14 au 15 atajuaje kwamba yeye ni mtu wa jukwaa, kama hajawahi kupanda jukwaa? Kijana atajazaje fomu ya kusema anataka michezo, kama shule yake ya msingi na ile sekondari ya msingi zote zilikuwa kwenye ploti ambayo gwaride la asubuhi hufanyiwa mahali mabasi ya shule hulala? Huwezi kuchagua chakula ambacho hujawahi kuonja. Unachagua kile mathe amesema, ama kile marafiki wamechagua.

Ndiyo maana nataka tuangalie ni nani hasa anakula huu wakati.

Mtihani

Wa kwanza ni mtihani. Shule nyingi hupimwa kwa kitu kimoja, wastani wa alama. Matokeo ya KCSE yakitoka, mabango hupandishwa kwenye geti na picha za waliopata A. Sijawahi kuona bango la geti linalosema shule hii ina klabu ya wanahabari inayochapisha gazeti kila mwezi. Kwa hivyo mwalimu mkuu akiwa na dakika 75 za bure, atazimwaga kwenye hesabu na kemia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo. Sawa. Lakini tuisheni ni kama maji, ukiziba huku inatokea kule. Imetokea jioni, imetokea asubuhi kabla jua halijachomoza, imetokea Jumamosi. Na mara nyingi ni wazazi wenyewe wanaoitaka. Mzazi anayefika nyumbani saa mbili usiku baada ya jam ya Jogoo Road anaona heri mtoto awe darasani hadi saa kumi na mbili kuliko kurandaranda mtaani. Simlaumu, anafikiria usalama. Lakini mtoto aliye kwenye mazoezi ya handiboli na mwalimu wake pia yuko salama. Si lazima usalama uwe na ubao na chaki.

Uwanja

Wa pili ni ardhi, na hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Mitaa ya zamani ya Eastlands ilijengwa na manispaa. Kaloleni, Jericho na mingine ya rika lao iliwekewa ukumbi wa jamii na mahali pa kuchezea. Ndiyo maana hadi leo ukienda Jericho unakuta uwanja wa Camp Toyoyo, ambao siku hizi una nyasi bandia. Ukienda Kaloleni unakuta ule ukumbi uliobeba historia ya siasa za nchi hii.

Donholm ilikuja baadaye. Jina lenyewe lilitoka kwa shamba la mzungu, na Jogoo Road zamani iliitwa Doonholm Road. Shamba likakatwa, zikaja nyumba, zikaja awamu baada ya awamu, kisha zikaja ghorofa. Kila mita iliyobaki ikawa na bei. Shule nyingi za kibinafsi zilizoingia katikati ya hizo ghorofa ziliingia kwa ukubwa wa ploti, si ukubwa wa shule.

Uwanja mkubwa ulio karibu ni Jacaranda, hapo tunapopakana na Kayole. Lakini uulize Mkenya wa mbali Jacaranda ni nini, atakwambia siasa. Novemba 28, 2017, siku rais alipokuwa akiapishwa Kasarani, NASA ilipanga mkutano wake hapo na polisi wakaufunga uwanja. Mahali ambapo shule tano zingegawana kwa zamu kila jioni, sisi tunapajua kwa mikutano ya hadhara na vitoa machozi.

Kukosa uwanja kuna madhara ya moja kwa moja. Mashindano ya shule za sekondari yana kalenda. Muhula wa kwanza ni michezo kama mpira wa vikapu, hoki, handiboli na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili ni soka, voliboli, netiboli na raga ya saba kila upande. Unaanza kaunti ndogo, unapanda hadi kaunti na kanda, kisha taifa, na ukipita huko unaenda Afrika Mashariki. Timu inayofanya mazoezi wiki mbili tu kabla ya mechi ya kwanza itakutana na shule inayocheza kila jioni. Itapigwa sita, itarudi nyumbani, na mwalimu mkuu atasema, "Si mmeona? Hawa hawana talanta, wacha wasome."

Pesa

Wa tatu ni pesa. Kwa shule za umma, ule mgao wa serikali wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka ulipangwa ukiwa na Sh1,500 za shughuli za ziada. Hiyo ni kama Sh500 kwa muhula. Ndizo za mpira, jezi, nauli, ada za mashindano na chakula cha safari. Halafu Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi akawaambia wabunge kwamba serikali haiwezi tena kulipa Sh22,244, inaweza kama Sh16,900. Bajeti ikipungua hivyo, chaki haikatwi. Stima haikatwi. Unajua kinachokatwa.

Kwa shule za kibinafsi mgao huo haupo, kwa hivyo kila kitu kinarudi kwa mzazi. Hapo ndipo mtaa wetu unagawanyika vizuri sana. Kuna mtoto wa Donholm anayepelekwa akademia ya soka Jumamosi, taekwondo Jumapili, na piano katikati ya wiki. Na kuna jirani yake, nyumba tatu kando, ambaye nafasi yake pekee ya kugusa gitaa ilikuwa shuleni. Shule ikifunga klabu ya muziki, wa kwanza hapungukiwi na chochote. Wa pili amefungiwa mlango. Dakika 75 za sheria zilikuwa ndicho kitu pekee ambacho hao wawili wangepata sawa.

Lakini masomo je?

Najua maoni yatakayokuja. "Masomo kwanza. Klabu hazijazi tumbo." Tuichukue kwa uzito.

Ni kweli si kila anayecheza shuleni atakuwa staa. Wengi hawatakuwa. Lakini angalia hata walioenda mbali walianzia wapi. Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars na akacheza Ligi Kuu ya Uingereza, alisoma Kamukunji High, shule ya hapa hapa Eastlands. Bien, Chimano na Savara wa Sauti Sol walikutana Upper Hill School na kuimba pamoja wakiwa wanafunzi, kabla ya mtu yeyote kuwalipa.

Na hata ukiacha mastaa, klabu inafunza vitu ambavyo darasa halifunzi. Kusimama mbele ya watu usitetemeke. Kushindwa Jumamosi na kurudi mazoezini Jumatatu. Kuweka hesabu ya pesa za kikundi bila kuzila. Mwajiri yeyote wa jiji hili anatafuta hivyo.

Kama unadhani ni mchezo tu, kumbuka Butere Girls, kule Kakamega. Mwaka jana mchezo wao wa kuigiza, Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa Seneta Cleophas Malala, ulizuiwa hadi Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe kuigiza. Aprili 10, 2025, kule Nakuru, wasichana hao waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Serikali nzima ilitetemeshwa na klabu ya drama ya shule ya upili. Hakuna mtu hutumia nguvu hiyo yote kuzuia kitu kisicho na maana.

Tufanye nini basi

Hatuwezi kuvunja ghorofa tupate uwanja. Lakini kuna mambo hayangoji serikali.

Kwanza, si kila shughuli inahitaji uwanja. Mdahalo unahitaji darasa moja na mada. Chesi inahitaji meza. Kwaya inahitaji sauti na mwalimu mmoja mwenye moyo, na Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, si kitu cha jana. Klabu ya wanahabari inahitaji simu moja na adabu ya kuhakikisha ukweli. Programu ya President's Award inachukua vijana wa kuanzia miaka 14 hadi 24, na ina ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu. Maana yake hata ukimaliza shule bila kumaliza programu, bado unaweza kuendelea.

Pili, shule zigawane. Shule ndogo tatu zinaweza kukubaliana siku za kutumia uwanja mmoja, wa shule ya umma iliyo karibu au wa kaunti. Camp Toyoyo ni matatu moja tu kutoka hapa. Kinachohitajika ni barua, ratiba na mwalimu wa kuandamana na wanafunzi. Ofisi ya MCA nayo isiishie kununua jezi wakati wa kampeni. Ipiganie ratiba ya uwanja mwaka mzima.

Tatu, wazazi na wanafunzi waanze kuuliza. Mkutano wa wazazi ukifika, badala ya kuuliza wastani pekee, uliza maswali manne. Saa tisa na nusu, watoto wetu huwa wapi? Klabu zilizoandikwa kwenye karatasi ya kujiunga, ni zipi zilikutana mwezi huu, na mwalimu wake ni nani? Pesa za shughuli za ziada zimetumika kwa nini? Na kwa wale wa sekondari ya msingi: kabla ya mtoto wangu kuchagua mkondo, ameonja nini?

Hayo maswali si ya kugombana na mwalimu. Walimu wengi ndio walikuwa makocha na waelekezi wa drama kabla ya kubanwa na wastani, na wangefurahi mtu mwingine awaulizie.

Shida moja ni hilo neno lenyewe, "ziada". Linafanya kitu kionekane kama baki, kama ule ugali unaobaki kwa sufuria, anayetaka achukue. Lakini ziko kwenye kanuni, na saa zake zimeandikwa. Kuanzia mwaka huu kuna wanafunzi wa Gredi ya 10 ambao mambo haya ndiyo masomo yao hasa, na yatapimwa. Nyuma yao wanakuja wadogo zao wa Gredi ya 7 na 8. Wakijaza fomu za mkondo bila kuwahi kugusa mpira, brashi au maikrofoni, watakuwa wamechaguliwa tu, hawajachagua.

Kwa hivyo kesho ikifika saa tisa na nusu, angalia uko wapi. Kisha tuandikie hapa chini shule yenu inafanya nini na hizo dakika 75. Si lazima utaje jina la shule. Sema tu ukweli.