Nani Apime Ukali wa Mgonjwa, na kwa Lugha Gani?

Mji wa Mariakani umekaa kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Hapo Kiduruma, Kigiriama, Kirabai, Kikamba na Kiswahili hukutana kila siku: sokoni, kwenye mizani ya malori na hospitalini. Mgonjwa wa akili anapofikishwa hospitali akiwa amefungwa kamba na jamaa zake, muuguzi hana budi kuuliza: je, ni mkali? Jibu ndilo huamua iwapo atafunguliwa, atadungwa sindano ya kumtuliza au atapelekwa kwingine. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni la lugha kabla halijawa la tiba, na kwamba wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kulijibu.

Vipimo vyenyewe vipo. Mwaka 1986, nchini Marekani, Stuart Yudofsky na wenzake walitoa kipimo kinachogawa ukali katika mafungu manne: wa maneno, wa kuharibu vitu, wa mgonjwa kujidhuru na wa kudhuru wengine. Huko Norwei kikaundwa kingine, kiitwacho Brøset, chenye dalili sita zikiwemo kuchanganyikiwa, wepesi wa kukasirika, makelele na vitisho. Muuguzi huandika sifuri au moja kwa kila dalili, kisha jumla humwonya kuhusu saa 24 zijazo. Ubora wa vipimo hivi ni kuwa humlazimisha mtu kuandika alichokiona, si alichokiogopa.

Tatizo huanza pale vinapovuka bahari. Kiingereza kina neno moja kwa mgonjwa anayehangaika bila kutulia na jingine kwa anayeshambulia. Katika mazungumzo yetu wote wawili huambiwa “wana fujo”. Fujo ni neno la lawama. Humhukumu mtu kabla hajaelezwa. “Uchokozi” nao hudai nia ya kuanzisha ugomvi, ilhali mgonjwa anayerusha ngumi kwa kuwa anasikia sauti zikimtisha hamchokozi mtu, anajikinga. “Uhasama” huhitaji pande mbili zenye kisa. Na “ukali” husemwa juu ya jua, kisu, mbwa, dawa na mama mzazi. Ni muhali kupima kwa uzi unaonyooka na kujikunja namna hiyo.

Aidha, vitisho vya Waswahili aghalabu huvaa vazi la mafumbo. Anayesema “utaniona” au “utakiona cha mtema kuni” ametisha waziwazi, ingawa tafsiri sisisi haioneshi chembe ya hatari. Kinyume chake, mjukuu na babu wanaotaniana kwa maneno makali hawana ugomvi wowote. Asiyeujua utani atampa mzee alama za ukali asizostahili. Asiyeyajua mafumbo atamwacha muuguzi mwenzake aumizwe. Makosa yote mawili yana gharama, na hulipwa kwa mwili wa mtu.

Historia nayo inatuonya. Mwaka 1945 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyepinga utawala wa kikoloni, alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Mwaka 1954 J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali hiyo, alitoa ripoti iliyoitazama Mau Mau kama tatizo la saikolojia kuliko dai la ardhi na uhuru. Hasira yenye sababu iligeuzwa ugonjwa kwa kuwa mwenye kupima ndiye pia aliyekuwa na neno la mwisho.

Huenda wengine wakadai kuwa ukali huonekana kwa macho, wala hauhitaji kamusi. Ni kweli, kofi halihitaji tafsiri. Lakini lengo la kipimo ni kutambua hatari kabla ya kofi, na kabla ya kofi kuna maneno, mikao na ukimya. Hayo yote ni lugha.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili, hasa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko papo hapo Kilifi, zishirikiane na wauguzi na familia za wagonjwa. “Mhangaiko” na “ushambulizi” yajaribiwe kama maneno mawili tofauti, kwa kuwa yote mawili hutaja tendo bila kulaani mtendaji. Kila tafsiri irudishwe katika lugha ya asili na mtu mwingine ili ionekane kilichopotea, kisha isomwe mbele ya wasemaji wa Kiduruma na Kigiriama. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imesisitiza haki za mgonjwa. Haki hizo zitabaki kwenye karatasi iwapo faili yake itaendelea kuandikwa neno moja tu: fujo.