Mtoki Usiouma Nao Upelekwe Hospitali

Mwezi huu tuangalie mitoki, yaani uvimbe unaojitokeza shingoni, kwapani au kwenye kinena. Mwilini mna tezi ndogo ndogo, mia kadhaa kwa hesabu, ambazo kazi yake ni kuwakamata wadudu wa magonjwa. Sehemu fulani ikishambuliwa, tezi za jirani huvimba. Kidonda cha mguuni huvimbisha kinena. Jino bovu, tonsili au mapunye ya kichwani huvimbisha shingo. Mtoki wa namna hii huwa laini, huuma ukiguswa, huteleza chini ya kidole, na chanzo chake kikipona nao hupungua katika wiki mbili au tatu. Watoto ndio wenye mitoki mingi zaidi. Vijitezi kama punje ya mahindi shingoni mwa mtoto anayecheza na kula vizuri visimnyime mama usingizi.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Mtoki unaouma huletwa hospitali siku ya tatu. Usiouma hukaa miezi minne hata sita, umefunikwa kwa kanga au kola ya shati, mpaka unakuwa kama yai. Nayo magonjwa mazito yanayovimbisha tezi hapa kwetu, kifua kikuu na saratani, kwa kawaida huanza bila maumivu yoyote.

Wengi hushangaa kusikia kwamba kifua kikuu hukaa shingoni. Jina lenyewe linawapotosha. Mgonjwa anasema, "Sista, mimi sikohoi," na kweli hakohoi, lakini tezi zake zimevimba upande mmoja wa shingo, zimeshikamana kama viazi vya shina moja. Zikiachwa hulainika, hupasuka, na kutoa usaha kwa miezi mingi. Ndipo wembe unapoingia. Mtu anachanjwa chale, au mtoki unatumbuliwa ili "uchafu utoke". Unachopata hapo ni kidonda kisichofunga na kovu la maisha, na wembe wa kushirikiana unaweza kukuongezea homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Wazee waliofanya hivyo zamani hawakuwa na dawa. Sisi tunazo.

Duka la dawa nalo lina lawama yake. Vidonge vya rangi mbili vinanunuliwa vinne, vinamezwa siku mbili, basi. Kibaya zaidi ni prednisoloni, ambayo watu huitumia bila kuandikiwa. Dawa hiyo yaweza kuunywesha mtoki wa saratani kwa muda, mgonjwa akafurahi, kumbe imemficha daktari ugonjwa. Na sisi watumishi wa afya tusijitoe: mgonjwa akirudi mara ya pili na mtoki ule ule baada ya kumaliza dawa, asiandikiwe dawa nyingine ya namna ile ile. Apimwe.

Basi uende lini? Mtoki usiopungua baada ya wiki mbili, nenda, hata kama hauumi. Usingoje wiki mbili ikiwa ni mgumu kama jiwe, hautikisiki, unakua upesi, au umetokea juu ya mfupa wa mtulinga. Huo wa mtulinga hata ukiwa mdogo. Nenda pia kama unakonda, una homa za jioni, unatokwa jasho usiku hadi kulowesha shuka, au tezi zimevimba sehemu nyingi kwa pamoja. Mtoto anayevimba taya ghafla apelekwe mara moja. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliieleza saratani hiyo ya watoto mwaka 1958, nayo hukua kwa siku, siyo kwa miezi; lakini ikiwahiwa husikia dawa vizuri. Anayeshindwa kumeza au kupumua asingoje kupambazuke. Vilevile mtoki wa kinena au kwapa unaouma vikali pamoja na homa kali ya ghafla: watu wa Lushoto, waliosumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, wanaujua.

Kuna wanaochelewa kwa sababu nyingine. Wanaogopa kuambiwa wana UKIMWI. Ni kweli virusi hivyo huvimbisha tezi, na utashauriwa kupima. Lakini mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku leo anazeeka na kulea wajukuu. Anayejificha na mtoki wake anaweza kufa kwa kifua kikuu ambacho kingepona.

Hospitalini daktari atakuuliza na kukushika, shingo, makwapa, kinena na tumbo. Huenda akachukua chembe kwa sindano nyembamba, au akakata kipande kidogo cha tezi kipelekwe maabara. Wapo wanaoamini kwamba uvimbe ukiguswa na sindano saratani inasambaa. Msiwasikilize, bila kipimo hicho tunabahatisha tu.

Ikionekana ni kifua kikuu cha tezi, dawa ni za bure na humezwa miezi sita. Mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, ni dawa, siyo damu. Jambo moja nalisema kwa mkazo: katikati ya matibabu tezi zinaweza kuvimba upya, au nyingine kutokea. Wengi hapo huacha dawa wakidhani zimeshindwa. Usiache, rudi utuonyeshe. Na kama kifua chako ni kizima, tezi za shingo peke yake hazimwambukizi mwenzako kwa pumzi, kwa hiyo sahani na kikombe chako visitengwe.

Ukija, njoo na vyeti vyote vya zamani na maganda ya dawa ulizokwisha kumeza, hata zile za dukani. Hatutakugombeza.